Hesabu Walimu Kwanza, Ndipo Uuze Nafasi

Najua nimekuwa kimya. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Sijaacha, na kuoa bado. Ni kwamba tangu mwezi uliopita kuna jambo limenikaa kooni, na kila nikikaa kuandika habari nyingine, hilo ndilo linatangulia. Leo nalitoa.

Linahusu magari na viwanja vya mbio vya huku Marekani ninakoishi kwa sasa. Wewe usiyejua plagi wala kabureta usikimbie. Habari hii ni ya ratiba na ya watu: nani yuko wapi saa ngapi, na nani anabaki bila mtu wa kumwangalia. Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi, utanielewa vizuri kuliko fundi wa gereji.

Nianze na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Anaendesha malori ya masafa marefu. Siku tano kwa juma yuko barabarani, analala humohumo kwenye lori. Ungedhani akirudi nyumbani hataki hata kuuona usukani. Kumbe wapi! Mwaka jana kanunua Mazda Miata ya 1999, kigari chekundu cha viti viwili kisicho na paa la bati, akatafuta fundi amfungie bomba nene la chuma nyuma ya viti ili gari likipinduka kichwa kisiguse lami. Nilipomuuliza kigari hicho ni cha nini, akanijibu: “Dogo, lori linanilisha. Hiki kinanifurahisha.”

Huku kuna kitu wanakiita kwa kifupi HPDE, yaani mafunzo ya udereva wa mwendo kasi. Si mashindano. Hakuna kombe, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na kwa waanzao mara nyingi hata kupimiana muda ni marufuku. Unakwenda na gari lako, pengine lilelile la kwenda nalo kazini, unalipa ada, breki na matairi vinakaguliwa, unavaa helmeti, unaingia kwenye kiwanja cha mbio na mwalimu amekaa kiti cha abiria. Anakufundisha mahali pa kukanyaga breki, mahali pa kuanza kukata kona, na jambo ambalo mimi sikufundishwa nilipotafuta leseni: kutazama mbali, kule unakotaka gari liende, si pale unapoogopa lisiende. Kumpita mwenzako ni kwenye sehemu zilizonyooka zilizotajwa tu, na ni mpaka aliye mbele akunyoshee mkono kukuonyesha upande wa kupita.

Mambo haya yanaendeshwa zaidi na vyama vya ridhaa. Kikongwe ni Sports Car Club of America, kilichoanzishwa 1944. Kingine kinaitwa NASA, na si wale wa roketi. Hiki ni National Auto Sport Association, cha tangu 1991. NASA hii ina ngazi nne za mafunzo, HPDE 1 mpaka 4. Wa ngazi ya kwanza haingii bila mwalimu, na unapanda kadiri unavyoiva. Juu ya ngazi hizo kuna mbio dhidi ya saa, na juu kabisa kuna mbio zenyewe, za magari kufukuzana na kubanana kwenye kona. Mara nyingi yote haya hufanyika wikiendi moja, kiwanja kimoja, kwa kupokezana zamu. Vyama hivyo nimevitaja ili muuone mfumo. Waliotuandalia siku yetu ni wengine, na siwataji, kwa sababu ugonjwa ninaousema si wa mtu mmoja.

Jumamosi hiyo tulifika kiwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala kwenye nyasi. Nilikwenda kama mwandishi, na kalamu yangu. Kabla ya chai nikawa mfanyakazi. Msaidizi mmoja wa kwenye foleni ya kuingilia hakutokea, na mama mmoja kati ya waandaaji akaniona nimesimama na daftari. Akaniuliza, “Unaweza kusoma namba za magari?” Nikasema ndiyo. Nikapewa fulana ya rangi ya chungwa, redio ya mkononi, ubao wenye karatasi ya majina, na kazi yangu: magari ya waanzao yakijipanga, hakikisha kila moja lina watu wawili, helmeti zimefungwa, mikanda imekazwa. Akikosekana mwalimu, gari halitoki. Sheria rahisi.

Karatasi yangu ilikuwa na waanzao 20 na walimu 20. Nikaona hesabu imetimia. Sikuwa nimeiona karatasi ya pili, ya washindani wa mbio za mchana. Majina matano ya walimu wangu yalikuwamo humo pia.

Hapa lazima nieleze. Walimu hawa wengi hawalipwi mshahara. Malipo yao ni kuendesha: anayefundisha anasamehewa ada yote au sehemu yake, na anapata nafasi ya kuingiza gari lake mwenyewe kwenye kundi la juu au kwenye mbio. Ni mapatano mazuri, na bila hayo ada ya mwanafunzi ingepanda sana. Lakini maana yake ni kwamba siku hiyo mwalimu ana vichwa viwili. Kimoja kiko kwa mwanafunzi, kingine kiko kwenye gari lake lililopandishwa jeki kule kwenye maegesho.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Gari la shule ya udereva mara nyingi huwa na breki ya pili upande wa mwalimu. Hapa hakuna. Mwalimu anakaa ndani ya gari asilolijua, pembeni ya mtu waliyekutana asubuhi hiyohiyo, wanakwenda maili 90 kwa saa, karibu kilomita 145, na chombo chake cha kufanyia kazi ni mdomo tu.

Zamu mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kaka yangu alipangiwa mwalimu mpole, mtu wa makamo asiyepaza sauti. Kila alipotoka alikuwa anacheka peke yake kama mtoto aliyepewa baiskeli. Halafu saa tano hivi, kwenye mazoezi ya kundi la mbio, injini ya gari moja ikapasuka na mafuta yakamwagika kwenye kona mbili. Bendera nyekundu, kila kitu kikasimama. Wakamwaga unga wa kunyonya mafuta, wakafagia, wakamwaga tena. Dakika 40 zikapotea.

Ratiba ya awali ilikuwa na akili. Kati ya zamu ya tatu ya waanzao na mbio za kwanza kulikuwa na zamu ya kundi jingine, kama dakika 25 hivi. Zilitosha mwalimu ashuke, azungumze na mwanafunzi wake, akavae suti ya kuzuia moto, aende kwenye gari lake. Baada ya zile dakika 40 kupotea, mtu mmoja kwenye kibanda cha juu akachukua kalamu, akaliondoa lile kundi la katikati akaliunganisha na la juu. Waanzao wakabandikwa mgongoni mwa mbio, bila hata upenyo. Kwenye karatasi ilionekana ameokoa muda. Kule chini kwangu alikuwa ameninyang'anya walimu watano.

Wakaja mmoja mmoja. Wa kwanza ameshavaa nusu ya suti, mikono yake kaifunga kiunoni: “Samahani, siwezi, natakiwa kwenye mstari dakika kumi kabla.” Wa pili vilevile. Mwalimu wa kaka yangu hakuja kabisa. Baadaye nikaja kujua alikuwa chini ya gari lake anabadilisha pedi za breki. Wanafunzi watatu nikawapatia walimu wa kuazima. Wakabaki wawili. Mmoja alikuwa mzee wa Kimarekani mwenye Corvette. Nikamwambia hutoki, akazima gari, akavua helmeti, akaenda zake kunywa maji. Wa pili alikuwa kaka yangu.

Mambo ya kwetu mnayajua. Huyu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, nikalala sebuleni kwake miezi saba bila kuulizwa hata senti ya umeme. Nyuma yake kuna magari yamejipanga yanaunguruma. Redio yangu inapiga kelele: toeni magari, tumechelewa, toeni magari. Akaniita kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe: “Dogo, usiniaibishe mbele za watu. Nimeshaingia mara mbili, njia naijua. Nipishe.”

Nikampisha.

Akazunguka mara tatu salama. Mara ya nne, kona ya mwisho, ile ndefu ya kulia, aliingia na mwendo uliozidi, akashtuka, akaachia mafuta ghafla katikati ya kona. Watu wa magari wanajua kinachofuata: uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi, na nyuma inataka kutangulia. Mwalimu angekuwepo angesema neno moja tu: usiachie. Kigari kikazunguka mara mbili, kikaenda kinyumenyume mpaka kwenye ukuta wa matairi.

Mimi nilisikia kwenye redio: Miata nyekundu, kona ya mwisho, iko kwenye matairi. Kutoka hapo mpaka waliposema “dereva ametoka, anatembea” zilipita sekunde chache. Katika sekunde hizo nilikuwa najiuliza simu ya mama mkubwa nitaianzaje.

Hakuumia zaidi ya shingo iliyokakamaa juma zima. Gari liliharibika nyuma kote. Bima haikulipa, mikataba mingi ya bima huku inatenga viwanja vya mbio, na asubuhi ile sote tulisaini karatasi ya kukubali hatari. Na muda walioutaka kuuokoa? Kuitoa Miata kwenye matairi kulikula dakika 25. Mbio zikachelewa zaidi, kisha zikafupishwa.

Sasa, kosa ni la nani? Sitajitoa: la kwanza ni langu. Nilipewa sheria moja nikaivunja kwa ajili ya undugu. La pili ni la kaka yangu, naye amekubali. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumefanya kilekile tunachofanya nyumbani basi likipinduka. Tunamkamata dereva, tunasema “mwendo kasi,” tunazika, maisha yanaendelea. Ni mara chache tunauliza nani alimpangia yule dereva ratiba isiyowezekana bila mwendo kasi.

Hebu tupige hesabu. Chukueni siku ya kawaida ya kiwanjani, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa tisa. Toa saa moja ya chakula, maana washika bendera ni binadamu na wamesimama juani tangu asubuhi. Zinabaki saa nane, yaani dakika 480.

Weka makundi manne: waanzao, wa kati, wa juu, na wa mbio dhidi ya saa. Kila kundi litataka zamu nne za dakika 20, na kila zamu inahitaji kama dakika 5 za kutoa magari na kuingiza mengine. Zamu 16 mara dakika 25 ni dakika 400. Ongeza makundi mawili ya mbio. Kila moja lina mazoezi dakika 25 pamoja na mabadilishano, kutafuta nafasi za kuanzia dakika nyingine 25, na mbio zenyewe dakika 45 ukijumlisha kujipanga. Hizo ni 95, mara mbili ni 190. Jumla yake ni 590. Una dakika 480, umeshaahidi 590, na bado hakuna aliyemwaga mafuta.

Punguza basi zamu ziwe tatu kwa kila kundi. Zinakuwa dakika 300, ongeza 190, unapata 490. Bado umezidisha 10. Yaani siku nzima imepangwa kwa imani kwamba hakuna gari litakaloharibika, kwenye mchezo ambao kazi yake ni kuyakamua magari mpaka mwisho wa uwezo wake.

Kwa nini wanapanga hivyo? Si kwa ubaya. Kukodi kiwanja cha mbio kwa siku ni maelfu ya dola, na ukikikodi unalipa pia gari la wagonjwa, gari la kuvuta na washika bendera, awe ndani yumo mmoja au wamo hamsini. Makundi ya mbio za ridhaa mara nyingi ni ya magari machache. Wanafunzi ni wengi, na ada zao ndizo zinazoziba pengo. Kwa lugha ya nyumbani, wanafunzi ndio wachangiaji wa harusi, na washindani ndio maharusi. Hakuna ubaya wowote hapo. Ubaya unaanza pale mchangiaji anapofika ukumbini na kadi yake akakuta hakuna kiti.

Ndiyo maana nimesema kamati ya harusi. Mtunza hazina mwenye akili hauzi kadi 300 kwa ukumbi wa viti 200 halafu akaomba Mungu watu 100 wasitokee. Anaanza na viti. Kwenye mafunzo haya kiti ni mwalimu. Si gari, si lami, si nafasi kwenye foleni. Lakini waandaaji wengi, kwa ninavyoona, wanafungua usajili, wanajaza, halafu juma la mwisho wanaanza kutuma ujumbe wa kubembeleza: jamani, tunahitaji walimu watano zaidi. Wanaoitikia ni walewale wanaokuja kushindana.

Kuna atakayesema mwalimu mmoja anaweza kuchukua wanafunzi wawili. Anaweza, kama mmoja ni wa kundi la waanzao na mwingine wa kundi la kati, ili asiwe na wote kwa wakati mmoja. Lakini angalieni kilichotokea mchana wetu: mara tu makundi yalipounganishwa na kusogezwa, hesabu hiyo yote ilikufa. Huwezi kubadilisha zamu bila kubadilisha watu. Ratiba ya magari na ratiba ya walimu ni karatasi moja. Aliye kibandani alikuwa na moja, mimi nikawa na nyingine, na kaka yangu akapita katikati.

Washika bendera nao wamo kwenye hesabu hii. Bendera ya buluu yenye mstari wa njano, kwenye mbio, ni taarifa: jua kwamba nyuma yako kuna mwenye kasi. Kwenye mafunzo inachukuliwa kama amri: mnyoshee mkono apite. Mtu mmoja kwenye kituo chake anaishika bendera ileile kuanzia asubuhi mpaka jioni, na kila dakika 25 lazima akumbuke anawasimamia watu wa aina gani. Ukiwabana zamu bila pumziko, huyu naye anachoka, na kuchoka kwake hakuonekani kwenye karatasi yoyote.

Mnaweza kuona nakuza mambo kwa sababu ya kigari kimoja na shingo moja. Basi niwakumbushe tukio la Juni 2005, kwenye kiwanja cha Fontana kilichoitwa wakati huo California Speedway. Ilikuwa siku ya klabu ya wenye Ferrari. Haikuwa siku ya mbio. Ferrari moja iliruhusiwa kuingia uwanjani, ikaingia taratibu wakati Porsche Carrera GT inakuja kwa kasi kubwa. Dereva wa Porsche akakwepa, gari likamshinda, likagonga ukuta wa zege. Yeye na abiria wake wakafa. Mke wa abiria akafungua kesi. Kati ya yaliyolalamikiwa ni mshika bendera aliyeiruhusu ile Ferrari kuingia wakati huo, na ukuta kuwa mahali pasipofaa. Kesi ilimalizwa 2007 kwa makubaliano ya karibu dola milioni 4.5, na malipo yaligawanywa kwa wengi: wenye kiwanja, klabu, dereva wa Ferrari, mirathi ya dereva aliyekufa, hata kampuni ya Porsche.

Nilipoisoma habari hiyo usiku ule niliporudi nyumbani, sikulala. Mtu wa mlangoni. Kazi ileile niliyopewa mimi kwa sababu nilisimama na daftari.

Wapo wanaosema dawa ni kutenganisha kabisa: mafunzo siku yake, mbio siku yake. Mfano upo. Sports Car Club of America tangu 2015 wana programu ya Track Night in America, jioni za siku za kazi, makundi matatu kwa uzoefu, zamu tatu za dakika 20 kwa kila kundi, mbio hakuna. Waanzao hawawekewi mwalimu ndani ya gari. Wana msimamizi anayewakusanya, anawaeleza, na wanaanza kwa mwendo wa taratibu. Mwalimu asiyekuwepo kwenye mpango hawezi kukosekana. Ni mfumo mwaminifu, kwa sababu haukuahidi kitu ambacho haukuwa nacho.

Hata hivyo mimi siko upande wa kutenganisha. Asubuhi ile niliwaona waanzao wamejazana kwenye uzio kutazama mazoezi ya mbio, wanaonyeshana vidole: tazama anavyoingia, tazama anapofunga breki. Hayo ni masomo ya bure. Na walimu wazuri niliowaona walikuwa washindani, kwa sababu mtu anayebanana na wenzake kwenye kona anajua kuisoma kona. Ukiwatenganisha kabisa, wanafunzi wanapoteza walimu, na mbio zinapoteza watu wapya. Wakae pamoja, ila wakae kwa mpango.

Mpango ninaoutaka ni huu. Kwanza, idadi ya waanzao itoke kwenye idadi ya walimu waliothibitisha, na walimu wawili watatu wabaki bila mwanafunzi, kama wachezaji wa akiba. Timu gani inaingia uwanjani bila benchi? Pili, anayeshindana Jumamosi asifundishe waanzao Jumamosi. Wikiendi ina siku mbili; afundishe leo, ashindane kesho. Ikishindikana, basi kati ya zamu ya mwanafunzi wake na mbio zake pawe na zamu nzima, na upenyo huo usiguswe hata mbingu ianguke.

Tatu, iandikwe kabla ya siku yenyewe nini kitakatwa muda ukipotea. Dakika zikatwe kwa kila kundi, mbio zikiwemo. Zamu ya dakika 20 iwe 15, mbio za dakika 35 ziwe 25. Ni afadhali kila mtu apate pungufu kuliko mmoja apate bila mwalimu. Na kile kikao kifupi cha mwalimu na mwanafunzi baada ya kushuka kisikatwe kamwe, maana hapo ndipo mtu anaambiwa alikosea wapi kabla hajaenda kurudia kosa.

Nne, mtu wa mlangoni. Awe amefundishwa kazi hiyo, awe na mamlaka ya kusema hapana na redio ikae kimya, na asiwe mdogo wake mtu.

Najua mwandaaji akinisoma atasema: kijana, kwa hesabu hiyo nitakosa wanafunzi watano, na ada za watano ndizo faida yangu. Ni kweli atazikosa. Lakini ada iliyolipwa kwa mwalimu ambaye hayupo haikuwa faida tangu mwanzo. Ilikuwa deni, na siku ile deni lile lililipwa na mtoto wa mama mkubwa.

Na wasomaji wangu wa nyumbani, hili si la Wamarekani tu. Nairobi na Kiambu vijana wameshaanza kukimbiza magari yao dhidi ya saa kwenye barabara zilizofungwa, kama pale Kiamburing, na tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia 2021 hamu imezidi. Siku moja kutakuwa na mafunzo ya namna hii karibu nasi, Mungu akipenda, na patakuwa na foleni ndefu ya wenye magari na walimu wachache. Siku hiyo mtu ataulizwa: tunauza nafasi ngapi? Naomba awepo mmoja kwenye kamati wa kujibu kwa swali: tuna walimu wangapi?

Kaka yangu amepata bampa ya nyuma na taa za mtumba kutoka kwenye Miata nyingine iliyokufa. Jumapili zote yuko nje anagonga bati. Juzi ameniuliza kama msimu ujao nitakwenda tena kushika ubao. Nimemwambia nitakwenda, lakini mlangoni ajue kabisa hatujuani. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza, akasema, “Sawa. Na mimi nikikubembeleza, nizuie.”

Haya, uwanja ni wenu. Nisahihisheni, nibisheni, ila msiniulize tena habari za kuoa.